Swali la Mama Mizani

8 Februari

Mdogo wangu,

Hujambo huko machimboni? Sisi huku wazima, isipokuwa mgongo wangu, ambao umeamua kustaafu kabla yangu. Sare za shule zilinimaliza mwezi wa kwanza. Nimeshona sketi za marinda mpaka nikifumba macho naona marinda tu, na cherehani nayo imeanza kuruka mishono, nadhani inadai likizo.

Naandika kwa sababu namba yako haipatikani tangu siku ile ulipoondoka kwa hasira. Nadhani laini umeitupa. Haya, barua huwezi kuikata katikati kama ulivyozoea kunikatia simu. Nisome mpaka mwisho, ndipo ununue ugomvi.

Umepata mjukuu. Wa kike, ana wiki tatu leo, na paji la uso ni lako, masikini ya Mungu. Binti yako alijifungua salama. Alipotolewa chumba cha uzazi, kitu cha kwanza aliniuliza kama umeambiwa. Nikamjibu umeambiwa. Sasa ndiyo unaambiwa, kwa hiyo uongo wangu haukuwa mkubwa.

Nyuma ya zahanati kuna kituo cha wazazi vijana. Kila Jumatano saa tisa wanakutana, vichanga mapajani, na kila mmoja lazima aje na mtu mzima wa kwao. Anayekiendesha ni mkunga mstaafu tunayemwita Mama Mizani, maana haendi popote bila ile mizani ya kuning'inizia watoto, ameitia begani kama mkoba. Sheria yake ni moja: nusu saa ya kwanza wanasema wazazi wenyewe, sisi wakubwa tufunge midomo. Unanijua mimi. Ni adhabu tupu. Yule kijana wa karakana ya seremala naye huja kama baba wa mtoto, pamoja na mama yake. Hukaa mwisho wa benchi, vumbi la mbao mpaka kwenye kope, hasemi kitu. Lakini nepi anazibadilisha upesi kuliko mimi, na hilo limeniuma kidogo.

Nakuomba jambo moja. Mwandikie mwanao mstari mmoja. Sikwambii umsamehe. Andika tu kwamba umesikia. Ana miaka kumi na saba, na mlango ukigongwa hunyanyua shingo.

Dada yako


1 Machi

Dada, shikamoo.

Barua nimeipata na nimeisoma mpaka mwisho kama ulivyoamuru. Mimi mzima. Kambini wameongeza watu, sasa nawapikia themanini na sita, na masufuria ni yaleyale. Vumbi la mawe linaingia mpaka kwenye chumvi. Mgongo wako ukande kwa maji ya moto, na usijifanye msichana.

Laini niliitupa, kweli.

Sasa, huyo uliyeniandikia habari zake. Dada, mtoto yule nilimlea peke yangu tangu ana miezi miwili. Nimezunguka naye kambi tatu, namfunga mgongoni nikisonga ugali wa watu hamsini, wanaume wazima wananicheka. Nilijifunza kusuka nywele kwa mikono hii ya kushika mwiko. Kila Jumapili, vyombo vikishaoshwa, namkalisha kwenye debe namsuka. Halafu mtu huyohuyo akawa ananitazama usoni, siku baada ya siku, ananiambia ametoka masomo ya ziada. Kilichoniumiza si mimba. Ni ule uso mkavu.

Mstari wa kumwandikia sina. Na yule kijana mwambie asikanyage nilipo, nitamvunja miguu.

Tena usiniletee shida zao. Mama alitufundisha sote wawili: habari mbaya haziandikwi. Ukiwa nazo, kaa nazo.

Ndugu yako

Lile bati la juu ya kitanda cha dirishani bado linavuja? Liangalie. Ndipo anapolala.


22 Machi

Mdogo wangu, marahaba.

Bati nimeliziba. Kwa hiyo unajua analala wapi, nami nimefurahi kwamba unajua.

Umenikumbusha sheria ya mama. Mimi sijaisahau. Nilikuwepo siku ile alipopokea barua ya kifo cha baba, akaisoma amesimama peke yake katikati ya soko, akaanguka juu ya nyanya za watu. Ndipo akasema kwetu habari mbaya itabebwa na mtu mwenye mikono ya kukushika, haitatumwa kwenye bahasha. Sijaivunja maisha yangu yote na leo sianzi. Basi pokea mazuri matupu.

Mtoto ana kilo nne na nusu, na mizani ya yule mama haina upendeleo. Binti yako naye amejaa mwili. Miguu imenona mpaka viatu havimwingii, nimempa ndara zangu. Siku hizi analala ameketi, mito mitatu mgongoni, kama malkia. Amekuwa mtulivu. Zile mbio zake za kutoka uani mpaka jikoni zimekwisha, siku hizi akifika mlangoni hupumzika kidogo ndipo aingie. Kliniki wamempa vidonge vya kuongeza damu na anavimeza vizuri.

Juzi Mama Mizani alikuja mpaka nyumbani. Akamwangalia miguu, akaibonyeza kwa kidole gumba, akakaa anatazama lile shimo linavyochelewa kujaa. Kisha akanivuta pembeni akaniuliza: "Mama mzazi wa huyu binti alikufa kwa ugonjwa gani?" Nikamwambia wifi yangu aliugua ghafla. Ndivyo ulivyokuja kuniambia mwaka ule, nami sikukuchimba kwa namna nilivyokuona. Akasema, "Ghafla si ugonjwa, mama. Muulize mwenyewe." Anataka kuandika kwenye kadi.

Basi nakuuliza. Wewe ndiye uliyekuwepo.

Binti yako aliniuliza umejibu nini kwenye barua. Nikasema unamsalimu.

Dada yako


19 Aprili

Dada, shikamoo.

Usidhani nilinuna. Barua yako ilikaa wiki mbili kwa mhandisi, chini ya ramani zake, mpaka nilipompelekea chai nikaona mwandiko wako umechungulia. Mvua imesimamisha ulipuaji wa miamba, watu wanashinda kambini wamekaa bure, na mtu aliyekaa bure anakula mara mbili.

Nimefurahi kusikia amejaa mwili. Alikuwa mwembamba mno.

Kambi itafungwa tarehe 27 Juni kwa wiki tatu. Huenda nikapita huko. Sisemi nitapita, nasema huenda. Mwambie. La, usimwambie kitu.

Huyo mtoto anafanana nami kweli, au umetia chumvi yako? Kama ni kweli, basi na masikio pia yatakuwa yangu, mfunike kofia mapema.

Cherehani usiipeleke kwa yule fundi wa zamani, atakuharibia. Itakuwa ni sindano tu.

Ndugu yako


8 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba, na cherehani ilikuwa sindano kweli. Hapo umenishinda.

Lakini swali hukulijibu. Nimeigeuza barua yako mbele na nyuma, nimekuta sindano, nimekuta masikio, swali sikulikuta. Mama Mizani ameniuliza mara tatu. Wiki iliyopita alitupeleka mwenyewe hospitali kubwa, na daktari akauliza lilelile: katika ukoo wa mama yake kuna nini? Nikasema hakuna kitu. Nimesema hakuna, mdogo wangu, mbele ya daktari mwenye kalamu mkononi, kwa sababu mimi sijui na wewe hutaki kuniambia.

Nikwambie la Jumatano. Ilikuwa nusu saa yao, sisi wakubwa tumefunga midomo. Binti yako kwa kawaida hasemi, siku hiyo akasema. Akasema, "Baba yangu alikuwa ananisuka kwa nguvu mpaka macho yanavutika, nalia. Sasa hivi angekuja anivute hata mara moja tu." Wenzake wakacheka, naye akacheka, kisha akashindwa kuendelea kwa sababu pumzi za kuchekea na kusemea kwa pamoja hakuwa nazo. Nywele zake hajamwachia mtu azishike tangu uondoke. Nimejaribu mimi, amejaribu mama wa yule kijana. Anafunga kitambaa.

Ameniambia nikuandikie uje, na ameniapisha nisiseme zaidi ya hapo. Anataka uje kwa sababu yeye ni mwanao. Hataki sababu nyingine.

Ningekuja mwenyewe, lakini nyumba hii sina wa kumwachia hata nusu siku. Kijana amejitolea kuja kwako. Nikamkumbusha habari ya miguu yake, akasema basi itavunjwa. Nimemzuia mimi.

Usingoje Juni. Njoo. Na hata kama huji, jibu lile swali.

Dada yako


26 Mei

Dada yangu, shikamoo,

Leo nakuandikia nimekaa vizuri, mlango wa stoo nimefunga, watu watanisamehe chai ikichelewa.

Nimeomba ruhusa. Wamekataa mpaka apatikane mpishi mwingine, lakini nimewaambia akipatikana hata kesho naondoka na aproni yangu shingoni. Asipopatikana, tarehe 27 Juni nipo njiani kabla hawajafunga lango. Hii si huenda tena. Nakuja.

Barua yako nimekuwa nikitembea nayo mfukoni. Ile habari ya kusukwa. Nimezunguka nayo siku nne, nimeunguza wali wa watu themanini na sita, hawajawahi kuniona nimeunguza. Dada, nilimkasirikia kwa sababu nilidhani nikimkasirikia sana nitaacha kuwa na wasiwasi naye. Haikusaidia hata siku moja.

Lile swali nitakujibu kwa mdomo nikifika. Wewe mwenyewe unajua kwa nini si jambo la kuandika. Mwambie huyo mkunga avumilie, ni mwezi mmoja tu.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi imekunjwa mara nne. Ni ya binti yangu, usiifungue, nakujua. Mstari ulioniomba umekuwa kurasa mbili. Mwambie anywe uji mzito, na nywele asimpe mtu. Nakuja na chanuo langu.

Yule kijana naye mwambie sitamvunja kitu. Lakini ninyi nyote mwacheni aogope kidogo, itamjenga.

Ndugu yako


9 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako ya tarehe 26 ilifika tarehe 2. Binti yako tulimzika tarehe 25.

Unajua tayari. Kijana aliondoka palepale makaburini, viatu vina udongo, akasafiri siku mbili kuja kukuambia. Nilitaka mtu mwenye mikono, na sikuwa na mwingine. Barua yako na yeye walipishana njiani. Amerudi na ameniambia ulivyompokea. Anasema ulimwona kwa mbali ukaweka mwiko chini. Anasema alisema maneno yake yote aliyokariri njia nzima, ukampakulia sahani, ukasimama mbele yake mpaka akamaliza kula, kisha ukarudi kuwapakulia watu wako. Aliporudi alilala siku nzima, na mtoto kifuani.

Sheria ya mama leo naivunja, kwa sababu nimechoka nayo.

Hakuwa amejaa mwili. Yalikuwa maji. Hakulala ameketi kwa umalkia, akilala chali alikosa pumzi. Hakupumzika mlangoni kwa utulivu, alikuwa ameshika fremu asianguke. Nilikuandikia kama ninavyoshona, nikigeuza pindo kwa ndani ili nyuzi zisionekane, nikijidanganya kwamba ukiona nguo nzuri utakuja kuitazama. Wewe ulikataza shida, yeye aliniapisha nisiseme, na mimi mkubwa wenu nikawatii wote wawili. Hilo ni kosa langu na nitakufa nalo.

Daktari alisema moyo ulichoka baada ya kuzaa. Walikuwa wakimtibu damu kumbe ni moyo. Alisema dawa zipo, wangeanza mapema, lakini aliyekuja na mgonjwa alisema katika ukoo hakuna kitu. Aliyekuja na mgonjwa ni mimi.

Alikwenda saa nne asubuhi. Kijana alikuwa benchi la nje, anamnywesha mtoto kwa chupa. Nilitoka kumwita, nikamkuta anamwambia mtoto anyamaze, mama amelala.

Nilitaka kuandika kwamba sikulaumu. Nakulaumu. Nakupenda na nakulaumu.

Mtoto yuko kwa zamu. Asubuhi kwangu, chini ya meza ya cherehani, jioni kwa kijana na mama yake. Jumatano tunakwenda naye wote watatu, na kijana sasa ndiye anasema nusu saa ile, ukimwanzisha hanyamazi. Mama Mizani bado ananiuliza. Nilidhani ameishiwa na swali lake, lakini juzi alipomtundika mtoto kwenye mizani akaniuliza tena.

Karatasi yako ninayo. Sijaifungua. Niambie niifanyeje.

Dada yako


20 Juni

Dada, shikamoo. Salamu nyingine sina.

Mke wangu alijifungua salama. Wiki ya tatu miguu ikaanza kuvimba. Nilimwambia amenona, nikamtania mbele ya watu, naye akacheka. Kisha akawa hawezi kulala chali. Nilimwegemezea gunia la unga mgongoni, akawa analala hivyo, ameketi. Akitoka kitandani mpaka mlangoni anahema kama aliyepanda mlima. Ilikwenda hivyo mpaka mtoto alipotimiza miezi miwili. Siku ya mwisho niliambiwa ananiita. Nikasema acha nipakue chakula kwanza, watu wamepanga foleni. Nilipakua nikamaliza. Nilipofika alikuwa ameegemea lile gunia, mtoto analia mapajani pake, na yeye hamsikii.

Daktari wa kambi alinikalisha akanieleza ni moyo, unachoka baada ya uzazi, na unaweza kupita kwa mama na bintiye. Akanionyesha mtoto kwa kidole. Akasema, "Huyu akija kuzaa, waambie mapema." Nikaja kwako siku mbili mtoto mgongoni, nikaingia, nikakuta umeweka maji ya moto, na neno nililoweza kulisema ni ghafla. Tangu hapo nikaliacha palepale. Miaka kumi na saba.

Barua yako ya Machi niliisoma jikoni, nimesimama, mfuniko mkononi. Miguu, mito mitatu, kupumzika mlangoni. Dada, mimi na wewe tumelelewa nyumba moja. Unadhani sijui kusoma barua zako? Nilijua. Mfuniko ulinianguka, watu wakageuka kunitazama. Kisha nikajitia hamnazo, kwa sababu nilikuwa bado nataka kukasirika, na ningejibu swali lile ningelazimika kuja. Nikakuandikia nimefurahi. Niliandika neno hilo nikijua.

Wewe ulinificha kwa sababu nilikukataza. Mimi niliona nikanyamaza. Tafadhali usijilaumu tena mbele yangu, siwezi kusikia.

Kijana yule nilimpa chakula kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kumfanyia. Alikula chote ingawa kilikuwa hakimshuki, nilimwona. Ni mtoto wa watu mwenye adabu. Mwambie hivyo, kwa maneno yangu.

Karatasi niwekee. Imejaa utani wetu wa zamani, haina maana kwa mtu mwingine.

Nitafika tarehe 29. Lakini usinisubiri. Barua hii itakufikia kabla, na Jumatano ni kabla. Kwenye ile nusu saa yenu ya kufunga midomo, mpe kijana aisome yeye, kuanzia pale niliposema mke wangu alijifungua salama. Aisome mbele ya mama yake na mbele ya wote. Halafu Mama Mizani achukue kadi ya mtoto aandike: bibi yake, moyo, miezi miwili baada ya kuzaa. Mama yake, moyo, miezi minne baada ya kuzaa. Muulize daktari gani mjukuu wangu apelekwe, na aanze kupelekwa lini, na jibu lake uniandikie hata likiwa baya.

Ni mtoto wa kike, dada. Aambiwe.

Ndugu yako